Klachi ya Land Rover ya zamani: urudishe gia boksi nyuma au uvute injini mbele?

Klachi ya Land Rover Series III imebanwa katikati ya injini na gia boksi, wala hakuna kifuniko cha pembeni cha kuipitia. Ili uifikie, viwili hivyo lazima vitengane, na kimoja kihame. Ama utang'oa viti na sakafu urudishe gia boksi nyuma, ama utavua uso wa gari uvute injini mbele. Mafundi wa huku Mtwara na Lindi wamegawanyika hapo. Wapo wanaoanza na boneti kila mara, hata kama kilichoharibika ni beringi peke yake. Wapo wanaoanza na viti, hata kama oili ya injini inachuruzika mpaka mchangani. Kila mmoja anafuata alivyofundishwa.

Mimi nashikilia kwamba mazoea hayatoshi. Kilichoiua klachi ya zamani ndicho kinachopaswa kuamua ufungue upande gani. Baada ya hapo ndiyo unaangalia hali ya bodi, kisha vifaa vilivyopo karakana. Jasho la kazi hii lote liko kwenye kufungua na kufunga. Klachi yenyewe ikiwa mkononi inafungwa kwa muda mfupi sana. Ukifungua upande usiofaa, unaweka klachi mpya juu ya ugonjwa uleule, na baada ya msimu mmoja wa korosho unalipa tena.

Gari ninalolizungumzia ni Series III, zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zenye injini ya lita 2.25 ya petroli au dizeli, fupi ya inchi 88 au ndefu ya inchi 109. Ndizo zilizobaki nyingi mikononi mwa watu, na huku kwetu bado zinafanya kazi: zinabeba magunia kutoka mashambani, zinapanda Newala, zinatambaa kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde ambao unailazimisha klachi iteleze kidogo kidogo kila unapoondoka. Kama yako imeshawekewa injini ya gari jingine, klachi ni ya injini hiyo, na vipimo nitakavyovitaja havitakusaidia.

Kwanza hakikisha ni klachi

Sehemu hii naiwekea uzito kuliko zote, kwa sababu humu ndimo uamuzi unamopatikana.

Gia zikigoma kuingia au zikakwaruza, usikubali gari lifunguliwe siku hiyo. Pampu pedali mara mbili au tatu haraka haraka, kisha jaribu gia. Ikiingia vizuri, tatizo liko kwenye mafuta ya klachi. Series III ina silinda ya juu iliyofungwa pamoja na pedali, na silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi. Pitisha kidole pale juu, pedali inapoingilia; kukiwa na majimaji, silinda ya juu imeoza raba. Kisha lala chini utazame silinda ya chini kwenye kofia yake ya mpira. Mpira wa mafuta unaounganisha nao huzeeka, unavimba ukikanyaga, na nguvu inaishia humo. Vyote hivi vinabadilishwa bila kugusa gia boksi. Weka mafuta ya breki na klachi tu. Oili ya injini au ya haidroliki ikiingia mle, inavimbisha raba zote na hata mpya zitakufa.

Mlio nao unasema. Injini ikiwa inanguruma na gia iko huru, kanyaga klachi. Mlio ukianza unapokanyaga na kuisha unapoachia, hiyo ni rilizi beringi, ile inayoisukuma klachi iachie. Mlio ukiwapo wakati mguu uko nje, halafu ukatoweka unapokanyaga, huo ni wa beringi ya mbele ya gia boksi yenyewe. Watu wengi wamenunua rilizi beringi kwa ajili ya mlio huu wa pili, gari likafungwa, na mlio ukabaki palepale.

Kuteleza kunajulikana: unapanda mlima, injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo. Kama huna mlima karibu, vuta handibreki mpaka mwisho, weka gia ya nne, ongeza moto kidogo kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini. Iliyokwisha itaiacha inanguruma. Usirudie rudie jaribio hili, maana kila mara unaichoma.

Jambo la mwisho ndilo wengi wanaliruka. Chini kabisa ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hubanwa juu yake, kuna tundu lenye nyuzi. Kizibo chake kinapaswa kufungwa wakati wa kuvuka maji marefu tu, kisha kinatolewa. Magari mengi huku yanatembea kizibo kikiwa kimefungwa mwaka mzima, na oili inayovuja haina pa kutokea ila kurukia klachi. Kifungue, weka bati jeupe chini, utazame kinachodondoka. Oili nyepesi iliyogeuka nyeusi imetoka injini, kwenye sili (kizuizi cha oili) ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini. Oili nzito yenye harufu kali kama ya kiberiti imetoka gia boksi, kwenye sili ya mbele. Pakiwa pakavu na unga mweusi tu, klachi imekufa kwa uzee na kazi.

Fundi akikwambia, "Bosi, tunang'oa tu tunaona huko huko," muulize kwa heshima: "Sawa fundi, ila hii oili ni ya wapi?" Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama mnaanza na boneti au na viti.

Kurudisha gia boksi nyuma

Njia hii haihitaji chombo cha kunyanyulia injini. Ndiyo maana naiona inafaa Tandahimba, Nachingwea au Liwale, mahali ambapo fundi ana akili na spana lakini hana winchi. Hugusi maji, hugusi rejeta, kabureta wala mabomba ya mafuta. Petroli au dizeli, kazi ni ileile.

Unatoa viti, unatoa mabati ya sakafu na kile kifuniko cha katikati kinachofunika gia boksi, kisha unafika kwenye boksi la viti. Hapo ndipo njia hii inapoonja uvumilivu wa mtu. Boksi lenyewe ni la aluminiamu, na bolti zake ni za chuma. Metali hizo mbili zikigusana kwenye hewa ya chumvi zinakulana. Gari lililokaa Shangani, Mikindani au Lindi mjini, bolti zake zimegeuka kitu kimoja na bodi. Gari lililoishi Masasi au Nachingwea huwa jepesi zaidi. Anza kuzimwagia oili ya kulegeza kutu siku mbili kabla. Inayokataa, ikate kichwa kwa msumeno au grainda. Usiilazimishe kwa bomba refu kwenye spana, kwa sababu chuma kitashinda na aluminiamu ndiyo itakayochanika. Ukitumia grainda kumbuka tangi la mafuta kwa kawaida linakaa chini ya kiti. Chomoa betri, funika tangi kwa gunia lililoloa, na cheche zielekezwe kwingine.

Boksi likishatoka, mambo yako wazi mbele yako. Fungua propela zote mbili, zile shafti zinazopeleka nguvu mbele na nyuma, waya wa spidomita, vyuma vya handibreki na viwiko vya gia. Silinda ya chini ifungue bolti zake uitundike pembeni na mpira wake, ili usilazimike kutoa hewa baadaye, na mtu yeyote asikanyage pedali, maana pistoni itaruka nje. Kisha weka jeki na kipande cha mbao chini ya nyuma ya injini. Ukisahau hilo, injini inainama nyuma gia boksi linapoachia, na kurudisha kunakuwa vita.

Gia boksi la Land Rover linakuja na transifa kesi, kile kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma, mgongoni mwake, na vyote pamoja ni mzigo wa kuvunja mguu wa mtu. Huhitaji kulitoa garini kwa ajili ya klachi. Unalirudisha nyuma kiasi cha kutosha kupitisha prezha pleti, ile sahani inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili, na mikono miwili. Pikapu ya turubai inasaidia sana, kwa kuwa unaweza kushuka na mnyororo kutoka juu. Kwenye gari lenye paa la bati, wenye uzoefu hupitisha bomba nene la chuma toka mlango hadi mlango, likalazwa kwenye magogo imara pande zote mbili, na mnyororo ukaning'inizwa hapo. Chini pawe na jeki ya magurudumu muda wote. Vyote viwili, si kimojawapo.

Udhaifu wa njia hii ni nafasi. Unafanya kazi umeinama ndani ya gari, unatazama flaiwili kwa tochi. Kuifungua flaiwili inawezekana. Lakini sili ya nyuma ya krenki katika injini hii haibadilishwi kwa kuchomoa na kuchomeka. Ni ya vipande viwili, na ili uifikie lazima utoe flaiwili, nyumba ya flaiwili, sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kifuniko cha beringi ya mwisho ya krenki. Kuifanya hiyo umejipinda kati ya chesisi na gia boksi ni kumtesa fundi, na kazi ya fundi anayeteswa huvuja tena.

Kwa hiyo njia ya viti ni sahihi pale ambapo pakavu, au ambapo oili ni ya gia boksi, au mlio ni wa beringi ya mbele ya gia boksi. Kwa mbili za mwisho gia boksi litatoka tu, sasa ung'oe injini ya nini?

Kuvuta injini mbele

Hapa boneti inatoka kwanza. Maji yanamwagwa, mipira inafunguliwa, na rejeta inatoka pamoja na ule uso wote wa mbele, baada ya kuchomoa nyaya za taa. Inashangaza jinsi Land Rover inavyofunguka vizuri mbele: uso ukishatoka, unaweza kusimama palepale injini ilipo. Bolti ni chache kuliko za boksi la viti, na nyingi ni chuma kwa chuma, kwa hiyo kutu yake inalegezeka. Kwa gari la pwani lenye boksi la viti lililooza, sababu hii peke yake inaweza kutosha kuamua.

Halafu bomba la ekzosi, bomba la mafuta, waya wa eksileta, nyaya za stata na dainamo au alteneta, waya wa ardhi, na vishikizo vya injini. Piga picha kila kiungo kwa simu kabla ya kukifungua. Bado utahitaji kutoa mabati ya sakafu na kifuniko cha katikati, kwa sababu nati za juu zinazounganisha nyumba za klachi hazifikiki vizuri kwa njia nyingine. Lakini boksi la viti linabaki mahali pake.

Injini inataka winchi ya mnyororo na boriti ya kuaminika. Nimeona injini zikitundikwa kwenye tawi la mti nyuma ya nyumba, na hilo silikubali hata kidogo. Tawi la mkorosho hasa linavunjika bila kutoa onyo. Kama fundi wako hana fremu ya chuma au boriti iliyojengwa kwa kazi hiyo, rudi kwenye njia ya viti hata kama sababu nyingine zinakuvuta huku. Injini ikianza kujitenga, gia boksi nalo linapoteza mshikaji wake wa mbele. Liwekee mbao na jeki kabla ya nati ya mwisho.

Faida yake ni mwanga na nafasi. Flaiwili inatoka kwa dakika chache na inaweza kwenda kukerezwa. Sili ya nyuma inabadilishwa injini ikiwa imelazwa kwenye meza. Vile vifuniko vya bati vya njia za maji vilivyo nyuma ya injini, ambavyo huoza kwa ndani na kuvuja pasipofikika, vinabadilishwa. Vishikizo vya injini vilivyobonyea vinabadilishwa. Pampu ya maji ipo wazi mbele yako. Mwenye injini yenye umri huu na oili inayovuja nyuma, sioni sababu ya yeye kufikiria njia nyingine.

Hasara ni kwamba vitu vingi vya injini vinafunguliwa bila kuhitaji matengenezo, na kila mpira wa zamani unaouvua unaweza kupasuka wakati wa kuurudisha. Nunua mipira ya maji na vibanio vyake kabla. Kwa dizeli ongeza kazi ya kutoa hewa kwenye mafuta kabla injini haijakubali kuwaka.

Mafundi wawili waliozoea, bolti zikiwa na adabu, njia zote mbili zinalingana kwa muda. Mtu akikuhakikishia kwamba moja ni fupi mno kuliko nyingine, anazungumzia gari alilolizoea yeye.

Spana

Land Rover hizi zimefungwa kwa inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia ikiwa na mchezo na inaila kona. Ya inchi 9/16 ni milimita 14.29: spana ya 14 haiingii, ya 15 inazunguka bure. Karakana nyingi huku zina spana za milimita kwa ajili ya Toyota. Kabla ya kumkabidhi fundi gari, mwombe akuonyeshe spana za inchi. Kama hana, azima au nunua seti ndogo. Itakaa na gari maisha yake yote.

Seti mpya au kubandika laini

Hapa wengi wanataka kuokoa, na ninawaelewa. Klachi pleti ya zamani inaweza kupelekwa kwa fundi wa laini, vile vipande vya msuguano vya pande zote mbili za pleti, akaondoa zilizoisha na kupiga nyingine kwa ribiti. Bei yake iko chini kabisa ukilinganisha na seti mpya, na kazi hufanyika bila kusubiri mzigo wa Dar es Salaam. Kwa gari linalozunguka mjini, kutoka Ligula hadi bandarini na kurudi, kazi nzuri ya ribiti inaweza kukutumikia vizuri.

Lakini pleti si laini peke yake. Katikati ina springi zinazopunguza mshtuko, na ina meno yanayokaa kwenye shafti ya gia boksi. Baina ya laini mbili kuna bati jembamba lenye mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yanayofanya gari liondoke taratibu. Bati likishalala, laini mpya haitalinyanyua; gari litatetemeka kila unapoondoka, na utamlaumu fundi bure. Shika pleti mkononi: springi zikicheza ndani ya vyumba vyake, au meno yakiwa yamechongoka, usibandike. Pia hakikisha laini ni ya klachi. Laini ya breki ya lori iliyokatwa kwa umbo la pleti haikuundwa kuzunguka kwa kasi ya injini, na ikipasuka vipande vyake vinaharibu kila kitu mle ndani.

Kwa gari la mzigo, hasa linalopanda kwenda Newala au linaloingia mashambani wakati wa korosho, ninasema seti nzima: pleti, prezha pleti na rilizi beringi. Prezha pleti ya Series III ni ya aina ya diaframu, sahani moja ya springi yenye vidole vingi. Ikishachemka mara nyingi inapoteza nguvu ya kubana, na macho hayaoni hilo. Unaloweza kuona ni vidole vilivyolika pale beringi inapogusa, visivyolingana urefu, na uso uliogeuka rangi ya bluu. Ukiona kimojawapo, hakuna mjadala.

Beringi nayo haina daraja la kati. Hata kama pleti imebandikwa na prezha pleti inaonekana nzima, beringi iwe mpya. Ni spea ndogo kuliko zote hapo ndani, na ikifa peke yake inakulazimisha kurudia kazi yote niliyoeleza. Ya zamani isioshwe kwa petroli ili "ifufuke". Imefungwa na grisi yake ndani, na petroli inaitoa grisi hiyo bila kuweka nyingine.

Flaiwili ikiwa na mikwaruzo midogo, msasa unatosha. Ikiwa na madoa ya bluu, nyufa nyembamba au bonde unalolisikia kwa kucha, iende kwa mkerezaji. Na pale katikati ya mwisho wa krenki kuna bushi ndogo ya shaba inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Ibadilishe. Mpya ilaze kwenye oili safi usiku kucha kabla ya kuipiga. Kuitoa ya zamani, jaza grisi kwenye tundu lake, ingiza chuma cha duara kinachobana sawasawa, piga nyundo; grisi itaisukuma itoke.

Vumbi la mle ndani lisipulizwe kwa kompresa. Laini za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, na unga wake ukiingia mapafuni haurudi. Futa kwa kitambaa kilicholoa, kisha kitupe.

Kufunga

Pleti ina upande wa flaiwili na upande wa gia boksi. Sehemu ya katikati iliyochomoza sana inatazama gia boksi. Ili ikae katikati kabisa wakati unabana prezha pleti, unahitaji kijiti cha kuongozea. Shafti ya gia boksi iliyokufa ndiyo bora. Kama haipo, mwone mtu mwenye mashine ya kukereza mbao. Huku kwetu mpingo hautafutwi mbali, na kipande cha mpingo kilichokerezwa kwa vipimo viwili, cha bushi na cha meno ya pleti, kinafanya kazi hiyo bila kuyumba. Bana bolti za prezha pleti kidogo kidogo kwa msalaba, zote ziende pamoja.

Kuunganisha kunataka subira. Kwa njia ya viti, weka gia na uzungushe kwa mkono pale propela ya nyuma inapofungwa mpaka meno yaingie. Kwa njia ya injini, gia ikiwa imewekwa, zungusha injini kwa mbele, na Land Rover hizi zina pa kuingizia hendeli. Kamwe usiache uzito wa gia boksi au injini uning'inie kwenye pleti. Inapinda, na klachi haitaachia hata ikiwa mpya. Wala usivute kwa kukaza nati. Vikiwa vimenyooka vinaingia kwa kusukuma. Kabla ya kufunika, hakikisha kijiti cha silinda ya chini kimekaa kwenye kibanio chake cha plastiki kwenye uma wa klachi, kile chuma kinachosukuma beringi. Kibanio hicho kidogo kikivunjika au kikiachia, umerudi mwanzo.

Mwenye Series II au IIA

Kwako, mwenye gari la kabla ya Series III, kuna tofauti mbili kubwa. Nyingi zina klachi ya inchi 9, sawa na milimita 229, yenye springi za mviringo badala ya diaframu. Series III ni inchi 9½, milimita 241. IIA za mwisho mwisho zina ile kubwa, kwa hiyo usiagize kwa mwaka wa gari, pima. Pili, beringi yenu imefungiwa kwenye kifaa chake na inalainishwa kwa oili, haiko wazi kama ya Series III. Mkifika pale, kagueni sili za kifaa hicho pia.

Kuagiza, au kupeleka gari Dar es Salaam

Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Lami ipo, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 hakuna tena kusubiri kivuko cha Rufiji, lakini klachi inayoteleza ikipelekwa umbali huo inachoma flaiwili na prezha pleti ambazo labda zilikuwa bado zinafaa. Kulibeba gari kwenye lori kuna maana pale tu unapotaka kufumua injini yote na huna fundi wa kuaminika huku. Kwa klachi, acha gari likae, na spea ndizo zisafiri.

Maduka ya Kariakoo na Gerezani yanatuma mzigo kwa basi. Tuma picha ya pleti ya zamani ikiwa na futi juu yake, na useme wazi: Series III, lita 2.25, petroli au dizeli, inchi 9½, diaframu. Omba picha ya ile unayotumiwa, kabla hujalipa. Borg & Beck ndio waliokuwa wakitengeneza klachi za magari haya tangu kiwandani, na jina hilo bado linapatikana; kwa bahati mbaya linapatikana pia kwenye maboksi yasiyo yao, kwa hiyo mwombe muuzaji akufungulie boksi na akuonyeshe maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe.

Agiza pamoja na bushi ya krenki, kibanio cha plastiki, sili inayohusika na upande utakaofungua, na raba za silinda zote mbili. Muda mzuri ni mwezi wa nane au wa tisa, kabla mnada wa korosho haujaanza na kabla mvua hazijageuza ua wa fundi kuwa tope. Kilomita za kwanza mia chache usibebe mzigo mzito wala usiingie mchanga mrefu, laini zipate kukaa sawa na flaiwili. Pedali ikianza kubadilika urefu siku hizo, angalia mafuta ya silinda kabla ya kugusa kitu kingine chochote.